Sherehe ya mtoto nyumbani: kila ndugu ashike kazi yake

Sherehe ya mtoto anayetimiza miaka sita au saba, ikifanyika uani Dar es Salaam kwa watoto 30 na wakubwa 15, ni mzigo mkubwa kwa baba na mama peke yao. Ndugu wapo na wengi wanatamani kusaidia. Kinachowakwamisha ni namna wanavyoombwa. Ujumbe wa "naomba michango yenu" kwenye kundi la WhatsApp huleta hela kidogo na ahadi nyingi, kisha siku yenyewe watu kumi wamekaa wanasubiri sahani huku mama mtoto yuko jikoni, mwanawe anazima mishumaa bila yeye kuona.

Kinachofaa ni kumpa kila ndugu kitu kimoja kamili, chenye kiasi na saa, akijua kwamba asipokileta hakuna mwingine atakayekileta. Hesabu zote hapa chini ni za watu hao 45.

Nani aombwe nini

Wiki tatu kabla, chagueni msimamizi mmoja, na asiwe mama mtoto. Mama mdogo au shangazi anafaa zaidi, kwa sababu anaweza kumkumbusha mtu bila kuonekana anadai. Bibi na babu waambiwe kwanza, kwa simu au kwa kwenda, kabla ya kundi la ukoo kujua chochote. Mzee akisikia habari za mjukuu wake kwa jirani huumia, na ana haki.

Baada ya hapo msimamizi ampigie au amwandikie kila mtu peke yake. Ujumbe uwe wazi namna hii:

"Shikamoo shangazi. Jumamosi ya tarehe 14 tunamfanyia mtoto sherehe pale nyumbani, saa tisa mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Tunaomba sambusa za nyama 50, zifike saa nane zikiwa hazijakaangwa, tutazikaanga huku. Kama ni nzito kwako niambie mapema, tugawane na wifi."

Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Inampa mtu nafasi ya kukataa kwa heshima akiwa na wiki mbili mbele, badala ya kukubali kwa aibu na kuzima simu siku ya tukio.

Ugawaji uangalie uwezo wa mtu na tabia yake. Mwenye gari abebe viti, meza na barafu. Bibi apewe kazi ya kukaa: kuchambua mchele na kumenya vitunguu saumu asubuhi, na dua au sala ya kufungulia. Binamu wa sekondari washike michezo na picha. Yule ndugu mnayemjua kwa kuchelewa, mpeni baluni, maana sherehe isiyo na baluni itaendelea. Msimpe keki wala jiko.

Fedha zikihitajika, zipokewe na mtu mmoja, na orodha ya kiasi alichotoa kila mtu isiwekwe kundini. Inawavunja moyo wenye kidogo, na wengine huacha kabisa kuja. Ndugu aliye mbali, Mwanza au Muscat, aombwe kulipia kitu kimoja chenye jina, kama keki, na amlipe mpishi wa keki moja kwa moja kwa simu. Siku hiyo aonyeshwe keki aliyoilipia kwa video. Muscat iko saa moja mbele ya Dar; London iko nyuma kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi. Mwambieni saa ya keki kwa majira ya kwake.

Pilau

Kilo moja ya mchele hulisha wakubwa 8 au watoto 15. Kwa idadi yetu ni kilo 4. Pikeni 5, kwa sababu watoto wa jirani wakisikia muziki watakuja, na hakuna mtoto wa kurudishwa getini.

Kwa kilo 5 za mchele andaeni nyama kilo 4, vitunguu maji kilo 2, viazi kilo 2, vitunguu saumu na tangawizi robo kilo kila kimoja, mafuta robo tatu ya lita, bizari nyembamba vijiko 6 vya chakula, pilipili manga vijiko 3 vya chai, mdalasini vijiti 6, iliki punje 25 na karafuu 10. Karafuu ni chache kwa makusudi: mtoto akiing'ata moja, anaiacha sahani nzima. Sufuria liwe la lita 30 hivi.

Nyama ichemshwe asubuhi na supu ihifadhiwe. Vitunguu vikaangwe hadi viwe rangi ya kahawia iliyokolea, kwani rangi ya pilau inatoka hapo. Mkiharakisha, pilau litatoka jeupe na mtashawishika kuongeza bizari hadi liwe chungu. Viazi na nyama viingie baada ya viungo, kisha supu. Onjeni supu kabla ya mchele kuingia. Chumvi yake iwe imezidi kidogo ile mnayotaka kuikuta kwenye wali, maana mchele utainywa.

Maji ndiyo yanayoharibu pilau la watu wengi. Aliyezoea kupikia watu sita hutumia vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Kwenye sufuria kubwa mvuke unaopotea ni mdogo kwa kulinganisha, hivyo kipimo hicho kinatoa bokoboko. Tumieni kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe cha mchele uliooshwa bila kulowekwa, na mpunguze kidogo tena kama mchele ni mpya wa msimu. Maji yakilingana na mchele, geuzeni mara moja, punguzeni moto wa chini, funikeni na mpalie mkaa juu ya mfuniko kwa dakika 25 hadi 30.

Likianza kunukia kuungua huku juu bado lina kiini, moto wa chini ulikuwa mkali. Msikoroge. Hamishieni wali kwenye sufuria jingine bila kugusa ukoko, nyunyizieni nusu kikombe cha maji ya moto, funikeni, mkaa ubaki juu tu.

Pilau liingie jikoni saa saba mchana. Likiiva libaki limefunikwa juu ya makaa hafifu. Likishapakuliwa mezani lisikae zaidi ya muda wa saa mbili, na siku za joto kali, saa moja. Kachumbari ikatwe nusu saa kabla ya kula, na pilipili iwe kwenye bakuli lake.

Sambusa na juisi

Sambusa 100 zinatosha, mbili kwa kila mtu na chache za ziada. Nyama ya kusaga kilo 2 na vitunguu kilo moja na nusu hutoa kiasi hicho, zikiwa ndogo. Nyama ikaangwe hadi ikauke kabisa, na vitunguu viingie mwishoni, moto ukiwa umezimwa. Sambusa zinazolegea au kupasuka kwenye mafuta zimefungwa nyama ikiwa bado ya moto au yenye maji. Mvuke hulowesha manda kutoka ndani. Ipoe kwanza. Fungieni kwa uji mzito wa unga wa ngano, na kona zote tatu zikazwe. Zifungwe Ijumaa usiku, zigandishwe, zikaangwe Jumamosi kuanzia saa nane na nusu kwa moto wa wastani, bila kuziyeyusha kwanza.

Juisi ni lita 20. Kilo 2 za ukwaju hutoa lita 12 hadi 14, na sukari kilo moja na nusu inatosha. Zilizobaki ziwe za embe au ubuyu, zitengenezwe na nyumba nyingine. Ukwaju usilale kwenye sufuria la alumini, kwa sababu asidi yake huila na juisi hupata ladha ya chuma. Ndoo safi ya plastiki yenye mfuniko inafaa.

Friji ya nyumbani mara nyingi haitoshi kupoza lita 20. Ndugu watatu wagandishe chupa nne nne za maji ya lita moja na nusu kuanzia Alhamisi, na zitumbukizwe kwenye ndoo za juisi zikiwa zimefungwa na kuoshwa nje. Barafu ya kununua, msiyojua maji yake, iwekwe kwenye beseni la soda tu, isiingie kwenye glasi za watoto.

Keki na saa yake

Kilo moja ya keki hukatwa vipande 12 hadi 15 vya kawaida, hivyo kilo 3 na nusu zinawatosha. Kwa joto la Dar, krimu ya kupiga huanza kulegea mapema ikikaa nje, kwa hiyo keki ifike saa kumi kasoro, si asubuhi. Kwenye gari ikae sakafuni au kwenye buti lililo bapa. Kiti cha gari kimeinama, na keki ya ghorofa mbili huteleza pale. Jina la mtoto mpelekeeni mpishi kwa maandishi. Kisu, mishumaa, kiberiti na sahani vikae kwenye mfuko mmoja alioushika mtu mmoja; kiberiti ndicho kinachosahaulika kila mara.

Keki ikatwe saa kumi na nusu, kabla ya chakula. Hapa tunasisitiza, kwa sababu ndipo sherehe nyingi zinapomponyoka mtoto. Wakubwa husema "tumsubiri mjomba, yuko njiani," giza linaingia, wadogo wamelala mapajani, nguo zimejaa pilau, na mwenye siku yake analia kwa uchovu mbele ya kamera. Mjomba ambaye hajafika atakula kipande chake akifika.

Kulishana nako kupimwe. Mtoto wa miaka sita akiitiwa watu 40 mmoja mmoja, anachoka kwenye wa kumi. Awalishe bibi na babu, wazazi, ndugu zake wa tumbo moja, na msimamizi kama mtoto mwenyewe anataka. Wengine wapitishiwe sahani. Vijiti vya meno visitumike, maana mkono wa mtoto haujatulia. Anawe mikono, alishe kwa vidole.

Kumwagiana maji kuwe mwisho kabisa, mbali na spika na nyaya, na mtoto aulizwe faragha asubuhi kama anataka. Akisema hapana, ndugu wote waambiwe, hasa wajomba. Akikubali, maji safi pekee, yasiyo ya barafu, na nguo kavu ziwe tayari ndani. Unga na mayai hapana, vinaingia machoni.

Michezo na usalama

Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na robo watoto wacheze. Binamu wawili wanatosha kama wamepanga: mbio za ndimu kwenye kijiko, kuvuta kamba, mbio za magunia, viti na muziki, kisha rede kwa wakubwa kidogo. Kila mchezo dakika 12 hadi 15, na uachwe watoto wakiwa bado wanautaka. Wa chini ya miaka minne watengewe mkeka kivulini na mama mkubwa mmoja. Spika izimwe wakati wa adhana. Ndoo ya kunawia na sabuni viwe mlangoni, si nyuma ya nyumba.

Baluni zijazwe robo tatu tu, tena mchana, na zifungwe kivulini. Zilizojazwa asubuhi zikapigwa na jua hewa yake hupanuka na zinapasuka moja baada ya nyingine kabla ya wageni kufika. Vipande vilivyopasuka viokotwe papo hapo, kwani mtoto mdogo akivimeza huziba koo. Karanga na bisi zisiwafikie walio chini ya miaka minne, na wazazi waulizwe kwenye mwaliko kama kuna mtoto asiyepatana na karanga, mayai au maziwa.

Watu wazima wawili wasipewe kazi nyingine yoyote. Mmoja akae getini na orodha ya watoto na namba za wazazi wao, asimruhusu mtoto kutoka na mtu asiyemjua. Wa pili akae kati ya watoto na moto, kuanzia mkaa unapowashwa hadi unapozimwa kwa maji. Wabadilishane na wengine kila baada ya saa moja ili nao waifurahie siku.

Vizawadi vya watoto kuondoka navyo viwe kwenye mifuko ya karatasi, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019. Penseli, kifutio, pakiti ndogo ya biskuti na kipande cha keki kwenye karatasi vinatosha. Wagawiwe getini wakati wa kuondoka, si kabla, la sivyo wataanza kuvilinganisha na kunyang'anyana.

Siku inayofuata

Sufuria, mabeseni na thermosi za kuazima ziandikwe jina la mwenyewe kwa plasta tangu zinapofika, na zirudishwe Jumapili zikiwa zimesuguliwa nje na ndani. Msimamizi awaambie waliochanga fedha zimetumikaje na kilichobaki ni kiasi gani. Mtoto akae na mzazi wake, arekodi ujumbe mfupi wa sauti kwa kila ndugu akitaja kitu chake hasa: sambusa za shangazi, viti vya mjomba, mchele aliouchambua bibi. Ni dakika kumi za kazi, na mwaka ujao msimamizi hatakuwa na haja ya kubembeleza.