Kuotesha mawaridi ya kuparamia kwa mbegu, Arusha na Moshi

Mbegu ya waridi hungoja baridi ipite ndipo iote, na baridi ya kiasi hicho mijini kwetu haipo. Hata kipupwe cha Julai, masweta yakiwa yametoka kabatini, udongo wa Arusha haushuki hadi nyuzi 1 hadi 5 ambazo mbegu inazitaka kwa wiki kadhaa. Moshi ndiyo kabisa. Anayefukia mbegu kitaluni moja kwa moja mara nyingi husubiri bure, kisha huilaumu mbegu. Kazi hiyo iachie friji.

Anza na tunda. Kwenye matawi machache usikate maua yaliyonyauka. Sehemu iliyo chini ya petali itavimba, na baada ya miezi mitatu hadi minne itakuwa ya rangi ya chungwa au nyekundu. Chuma kabla halijasinyaa. Mawaridi yenye petali chache huzaa vizuri kuliko yale yaliyosongamana petali. Angalia pia tawi limetokea wapi: miche mingi ya kununua imeunganishwa juu ya shina la waridi jingine, na chipukizi la chini ya kiungio ni la shina lililobeba, si la ua ulilolipenda.

Jua mapema kwamba mtoto hatafanana na mama. Rangi hubadilika, na baadhi ya miche hubaki vichaka bila kuparamia. Ukitaka ua lilelile, panda pingili. Mbegu ni kwa anayetaka waridi jipya.

Pasua tunda bila kuzamisha kisu. Ndani utakuta mbegu ngumu zilizobanana kati ya vinyweleo vinavyowasha, kwa hiyo vaa glavu. Zisugue kwenye chujio la chai chini ya bomba hadi nyama yote iishe. Nyama hiyo huzuia uotaji na huleta ukungu. Zikunje ndani ya tishu iliyoloweshwa ikakamuliwa, weka kwenye kikopo chenye mfuniko, andika tarehe, kisha rafu ya chini ya friji. Siyo friza. Ziache wiki 6 hadi 12. Kila wiki fungua: ukiona ukungu, osha mbegu na ubadilishe tishu, ikianza kukauka, nyunyizia maji, maana mbegu ikikauka hapo kazi inarudi nyuma. Ukiona mzizi mweupe umechomoza, ipande siku hiyohiyo, mzizi ukielekea chini.

Ziingize friji Machi ili zitoke Juni, masika yakiwa yamekwisha na joto limepungua. Changanya mboji iliyochekechwa sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja na pumba za mpunga zilizochomwa sehemu moja. Mwagia maji yanayochemka kuua vimelea, acha upoe. Jaza trei yenye matundu, kina sentimita 8. Panda sentimita 1 kwenda chini, mbegu na mbegu sentimita 3. Theluthi ikiota, shukuru. Nyingine huchelewa miezi, hivyo usiimwage trei haraka.

Adui mkubwa hapa ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche michanga. Shina huwa jembamba na jeusi usawa wa udongo, na mche uliokuwa mzima jana unalala. Chanzo ni maji mengi na hewa kidogo. Weka trei ndani ya beseni la maji inywe kutoka chini, asubuhi, na uitoe uso wa udongo ukianza kulowa. Jua la asubuhi linatosha. Walio Moshi wakinge miche na jua la mchana.

Miche ikiwa na majani halisi manne, hamishia kwenye viriba. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Vuli ikianza, chimba shimo la sentimita 45 kila upande, sentimita 30 kutoka ukutani, weka debe moja la samadi iliyooza. Penye ukungu unaoshuka kutoka Mlima Meru acha nafasi ya upepo, kwani madoa meusi hupenda majani yasiyokauka, na ubwiri unga hupenda hewa yenye unyevu iliyotulia. Joto la Januari huleta utitiri. Pulizia maji chini ya majani.

Mwaka wa kwanza usitegemee maua, wala usikate mashina marefu. Yalaze polepole yakiwa bado laini, uyafunge kwenye waya kwa kamba ya mkonge iliyolegea. Shina lililosimama huchanua kileleni tu. Likilazwa, kila jicho hutoa tawi la maua.