Viatu, begi na maji: jinsi ya kuchagua na kujaribu vifaa kabla hujatembea na mzigo Dar mpaka Bagamoyo

Wadau, kila mtu akiuliza vifaa vya kutembea mwendo mrefu na begi zito mgongoni, hii ambayo siku hizi wengi wanaiita rakingi, anapewa majibu ya nchi za baridi. Buti refu lisilopitisha maji, soksi nene, koti la bei mbaya. Norway wana matembezi yao ya kijeshi ya kilomita 30 na begi la kilo 11 na kule hivyo vitu vina maana kabisa, ila ukivaa hivyo barabara ya Bagamoyo saa tano asubuhi mwezi wa pili unajipika. Huku pwani kinachokuharibia safari ni jasho, kwa hiyo kila kifaa nakipima kwa swali moja tu, kikilowa jasho masaa manne kitafanya nini? Dukani hutapata jibu la hilo, na kwenye picha ya simu ndo kabisa. Jibu linapatikana ukikibeba, ukakitolea jasho, ukakipa umbali.

Nachukulia mfano wa Dar kwenda Bagamoyo kwa sababu ni safari ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipanga, kama kilomita 65 hivi toka katikati ya jiji, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, lami tupu na jua la kutosha. Halafu ni njia yenye heshima yake, Bagamoyo ndipo misafara ya bara ilipokuwa inaishia, wapagazi wanatoka Ujiji na Tabora na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, kichwani au begani. Wewe usianze huko. Hata wapagazi wa Kilimanjaro leo mzigo wanaobebeshwa na kampuni ya utalii mwisho kilo 20 na unapimwa getini, na hao ndo kazi yao ya kila siku. Nijmegen kule Uholanzi, matembezi ya siku 4 yaliyoanza mwaka 1909, wanajeshi wanakwenda kilomita 40 kila siku na begi lisilopungua kilo 10. Kwa hiyo kilo 10 ni mzigo wa watu wazima tayari. Kwa kuanzia chukua asilimia 10 ya uzito wako, una kilo 70 beba 7, na theluthi ya uzito wako usiifikie kabisa kama hauko jeshini.

Tuanze na viatu maana hapo ndo safari nyingi zinafia.

Kwa lami na kilo chini ya 12 sioni sababu ya buti. Raba nzuri ya kukimbilia au ya njia za vumbi yenye soli pana inatosha, ni nyepesi, inapitisha hewa, na ikilowa inakauka ukiwa unatembea. Kiatu kisichopitisha maji kina shida moja kubwa huku kwetu, jasho likishaingia halitoki, na mvua ikipitia juu kwenye kifundo nayo inabaki humo humo, unatembea na bwawa. Buti weka kwa ajili ya milimani, Usambara huko au Pugu wakati wa masika njia ikiwa tope na mawe.

Nenda kujaribu kiatu jioni, sio asubuhi, kwa sababu mguu unavimba kadiri siku inavyokwenda na ukiwa na mzigo unavimba zaidi. Nenda na soksi zako zile zile utakazotembea nazo, sio kile kisoksi cha dukani. Vaa vyote viwili, kaza kamba, simama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Wengi hapa wanaishia kuchukua namba moja juu ya ile waliyozoea na ni sawa tu. Halafu tafuta ngazi, shuka nazo mara kadhaa ukiwa na uzito mgongoni, muombe tu muuzaji akuruhusu uje na begi lako lenye mzigo, hawakatai. Vidole vikigonga mbele wakati wa kushuka kiatu hicho acha, hata kama ni kizuri na bei imeshuka. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, kwanza jaribu kufunga kamba kwa kutumia lile tundu la juu la mwisho ambalo watu wengi hawalitumii, unapitisha kamba upande huo huo inatengeneza kitanzi, kisha unavusha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi na kuvuta. Bado kinapanda? Acha.

Sasa mtumba. Karume pale Ilala, au Memorial kule Moshi, unaweza ukapata kiatu cha maana kwa bei ambayo dukani hupati hata ndala nzuri, na mimi naunga mkono mtumba kabisa, ila kuna kitu lazima ukijue. Buti nyingi za kupandia milima zina tabaka la soli ya kati lililotengenezwa kwa polyurethane, aina ya plastiki laini kama sponji, na hilo linaoza lenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Limekaa stoo miaka saba nane, limesafiri kwenye kontena, limefika Dar kwenye joto na unyevu, kwa nje linang'aa kama jipya. Unatembea kilomita 6 soli inabanduka vipande vipande. Kwa hiyo kabla ya kulipa bonyeza soli ya kati kwa kucha ya dole gumba, ikibaki na shimo au ikitoa unga unga weka chini. Kunja kiatu kwa nguvu mbele, angalia kama kuna mipasuko midogo pale kinapokunjika. Angalia kisigino kwa nyuma kama kimelika upande mmoja, maana mguu wa mwenye nacho wa kwanza utaurithi wewe. Na fundi akishonea soli iliyooza hajakusaidia, uzi unashika kitu ambacho kinakatika chenyewe.

Soksi ni pesa ndogo yenye faida kubwa kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Pamba tupu hapana, inanyonya jasho inakaa nalo, ngozi inalainika, msuguano unakuja, malengelenge. Tafuta za sufu nyepesi au mchanganyiko wa polyester na nailoni, mtumba zipo tele za mpira wa miguu na za kupandia milima. Ukiwa ni mtu wa malengelenge kila mara jaribu soksi mbili, ya ndani nyembamba sana inayobana na ya nje ya kawaida, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi. Ila ukifanya hivyo nafasi ya kiatu inabadilika, rudi ukajaribu kiatu upya.

Begi. Watu wanaangalia mifuko na zipu, angalia mgongo kwanza. Inamisha shingo mbele, papasa ule mfupa unaochomoza chini ya shingo, halafu weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani toka mfupa ule mpaka usawa wa dole gumba zako. Huo ndo urefu wa mgongo wako, na begi lipime vile vile toka inapoanzia mikanda ya mabega mpaka katikati ya mkanda wa kiuno. Mtu mrefu sio lazima awe na mgongo mrefu, dada zangu wengi wanauziwa begi la mgongo mrefu kwa sababu tu lilikuwa zuri na mkanda wa kiuno unaishia mapajani. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mfupa wa nyonga na ubebe sehemu kubwa ya uzito, mabega yanabaki kushikilia tu. Kwa kilo 10 begi la lita 30 mpaka 40 linatosha, na begi la shule lisilo na mkanda wa kiuno uliojazwa sponji kwa safari hii simshauri mtu yeyote.

Mikanda ikibana sana mabegani kwa muda mrefu mishipa ya fahamu inabanwa na mkono unaanza kuwasha washa au kufa ganzi. Hiyo usiivumilie eti ni ukakamavu, simama, vua begi, legeza mabega, kaza kiuno. Ikiendelea mazoezi yote begi hilo sio lako.

Uzito wa kujaribia usinunue vyuma. Chupa za lita moja na nusu ukizijaza maji kila moja ni kilo moja na nusu, sita ni kilo 9, na uzuri wake ukiumia njiani unamwaga. Ukitaka mzigo mdogo wenye uzito jaza chupa hizo mchanga mkavu, moja inakaribia kilo 2.4. Zifunge ndani ya kanga au taulo kuukuu ili zisicheze, ziweke karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mabega, sio chini kabisa ya begi maana zitakuvuta nyuma na utatembea umeinama. Pima kwa mizani, duka la nafaka jirani watakupimia.

Ratiba ya kujaribu naiweka hivi. Kwanza nyumbani, vaa kila kitu na mzigo saa nzima ukifanya kazi zako, hapo unagundua kamba inayochoma na zipu inayokwaruza. Halafu kilomita 5, kisha 10, ukiongeza umbali usiongeze uzito wiki hiyo, na ukiongeza uzito punguza umbali, hii sio kujidekeza, mifupa ya miguu inachelewa kuzoea kuliko misuli na pumzi, ndo maana mtu anajisikia vizuri kabisa kumbe mfupa umeshaanza ufa. Siku moja makusudi tembea mchana wa jua kali kwa muda mfupi. Siku nyingine lowesha viatu na soksi maji ndoo nzima kabla ya kutoka uende kilomita 8, ujue kiatu kinakauka vipi na ngozi inachubuka wapi, masika ikikukuta Kerege haitakuwa mara ya kwanza. Mwisho fanya siku mbili mfululizo, jumamosi na jumapili, jumla kama nusu ya safari yenyewe au zaidi kidogo. Ile siku ya pili ndo inayosema ukweli, kiatu kizuri cha jumamosi kinaweza kikawa adui jumapili mguu ukiwa bado umevimba.

Kila ukirudi vua soksi angalia mguu kwenye mwanga na upige picha. Sehemu yoyote nyekundu ndo lengelenge la safari ijayo, iwekee plasta ngumu ya kitambaa KABLA ya kutoka, mguu ukiwa mkavu na hauna mafuta, kata pembe za plasta ziwe mviringo zisibanduke. Na njiani ukisikia joto sehemu moja ya mguu usiseme nitaangalia mbele, simama hapo hapo, dakika tano zako zinaokoa masaa. Mapajani na kwapani paka mafuta ya mgando, na nguo ya ndani yenye mshono mnene utaijutia, nayo ijaribu.

Maji nayo yanajaribiwa. Jipime uzito bila nguo, tembea saa moja na mzigo, jifute jasho, jipime tena. Ulikuwa kilo 70, sasa 69.2, na njiani umekunywa nusu lita, basi umetoa jasho lita 1.3 kwa saa (kama ulikojoa kwenye chombo toa hiyo). Fanya asubuhi na fanya mchana, utaona tofauti. Hapo ndo unajua begi libebe lita ngapi, na kwa barabara hii maduka yapo, lita 2 mpaka 3 zinatosha unajaza njiani. Ila usinywe maji matupu mengi kuliko jasho ulilotoa, chumvi mwilini inashuka na hilo linaweza kuua. Beba pakiti za ORS za duka la dawa, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, au kwa dharura lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta sio vya kujaza kilima. Hayo nayo yanywe kwenye mazoezi kwanza, tumbo lina maoni yake.

Vilivyobaki kwa haraka. Kofia pana, tochi ya kichwani yenye betri uliyoijaribu usiku kucha, kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, na utembee kulia ili magari uyaone yanakuja usoni. Nguo kavu zifunge kwenye mfuko mgumu ndani ya begi, kifuniko cha mvua cha nje peke yake mgongoni kinapitisha.

Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, 65 ni masaa 13 bila kupumzika, kwa hiyo mara ya kwanza gawanya siku mbili au anzia Bunju. Begi lipange siku moja kabla kwa mpangilio ule ule wa jaribio la mwisho na usiongeze kitu kipya, hata soksi. Kucha za miguu kata siku tatu kabla, sio usiku wa kuamkia safari, ili zile ncha zipate muda wa kulainika.