Uzi umejikunja chini ya kitambaa? Usikimbilie namba ya tensheni

Najua unachofanya kwa sababu na mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Unashona vizuri, unageuza kitambaa, chini unakuta uzi umejisokota kama kiota cha ndege, mkono unaenda moja kwa moja kwenye namba ya tensheni (ile inayopanga uzi wa juu ubanwe kiasi gani), unazungusha mara 7 mara 2, haisaidii, unachukua bisibisi unaanza na skrubu ya bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), na ukimaliza hapo cherehani iliyokuwa na tatizo moja ina matatizo matatu na hukumbuki tena namba ya mwanzo ilikuwa ngapi. Mimi nilishapoteza jioni nzima hivyo, kumbe uzi wa juu ulikuwa haujaingia vizuri tu.

Yaani ukielewa hiki kimoja umemaliza nusu ya kazi: fujo ikiwa chini, kosa mara nyingi liko juu. Mshono ni nyuzi mbili zinavutana kamba, wa juu na wa bobini, na zinatakiwa zikutane katikati ya kitambaa pasipoonekana. Sasa ule wa juu ukiwa haujashikwa na kitu, wa chini unauvuta wote huko, na ndoano inayozunguka kule chini inazidi kuukusanya. Kwa hiyo kubadilisha bobini mara kumi hakutakusaidia.

Basi toa uzi wote wa juu uanze upya, na UNYANYUE MGUU wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano, kabla ya kupitisha uzi. Hili watu wengi hawaambiwi. Ndani kule kuna visahani viwili vinavyobana uzi, mguu ukiwa juu vinaachia, ukiwa chini vinabana, sasa ukipitisha uzi mguu ukiwa chini uzi unakaa pembeni ya visahani badala ya kuingia katikati, kwa macho kila kitu kiko sawa lakini hakuna kinachoushika. Zungusha pia gurudumu la pembeni kuelekea kwako mpaka ule mkono unaopanda na kushuka ufike juu kabisa, ili uuone na uhakikishe uzi umepita kwenye tundu lake, maana nao huwa unarukwa sana.

Kujua kama umepatia ni rahisi. Mguu ukiwa juu vuta uzi karibu na sindano, unatakiwa uje laini. Shusha mguu, vuta tena, sasa unatakiwa ugome mpaka sindano ipinde kidogo. Kama huoni tofauti yoyote basi uzi haumo kwenye visahani, rudia, au kuna kipande cha uzi kimenasa mle ndani. Nyanyua mguu, pitisha uzi wa kusafishia meno katikati ya visahani mara mbili tatu, utashangaa kinachotoka.

Ukiona bado, badilisha sindano. Najua inaonekana nzima, badilisha tu. Sindano ikishachoka kidogo kwenye ncha au ikipinda hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, inaruka mishono na kukata uzi, na kwa matumizi ya kawaida saa kama 8 za kushona zinatosha kuistaafisha. Angalia na upande: sindano nyingi za cherehani za nyumbani zina ubavu bapa huku juu, na kwa mashine nyingi ubavu huo unaangalia nyuma (zipo zinazoingiza kwa pembeni, cheki kitabu cha mashine yako), isukume mpaka igote juu ndipo ukaze. Saizi nayo, 70/10 kwa vitambaa vyepesi, 80/12 au 90/14 kwa kawaida, 100/16 kwenda juu kwa jinzi. Vitambaa vinavyovutika vinataka sindano yenye ncha ya mviringo, hapo ukitumia ya kawaida itaruka mishono na utailaumu tensheni bure.

Bobini sasa. Iwe ya aina ya mashine yako kweli, sio "inaingia tu", maana kuna zinazofanana kabisa zikitofautiana kimo kidogo na hicho kidogo ndicho kinachokuharibia. Iwe imejazwa kwa usawa, isiwe legelege upande mmoja, na uzi wake ulingane unene na wa juu. Kwa bobini zinazowekwa kwa juu, nyingi uzi unatakiwa uning'inie upande wa kushoto kama herufi P, bobini izunguke kinyume cha saa ukivuta. Hakikisha uzi umepita kwenye ule mwanya na kuingia chini ya springi, usipoingia hapo tensheni ya chini haipo kabisa.

Wakati uko huko chini, zima mashine, fungua bati la sindano (lile lenye tundu sindano inapopita), toa vumbi na manyoya ya uzi kwa brashi ndogo. Usipulize kwa mdomo, unayasukuma ndani zaidi na kuongeza unyevu. Mafuta weka kama kitabu kinasema weka, na yawe ya cherehani, mafuta ya kupikia yanaganda halafu utanikumbuka.

Hayo yote ukishafanya na bado mshono haujakaa, HAPO ndio uguse namba. Chukua kipande cha kitambaa kile kile unachotaka kushona, weka uzi rangi moja juu na rangi nyingine chini, rudisha namba kwenye 4 hivi, shona mstari. Ukiona vitanzi vya rangi ya juu vimetokeza chini, wa juu umelegea, panda namba. Ukiona rangi ya bobini imechomoza juu, au uzi wa juu umelala kama waya, umekaza sana, shuka. Nusu namba kwa mara moja, shona tena, angalia. Sio kutoka 4 kwenda 8, tafadhali.

Skrubu ya bobini iache mpaka namba ya juu imekushinda kabisa. Piga picha ilivyokaa kwanza, weka kibakuli chini kwa sababu ni kadogo na kakidondoka hukapati, na kama ziko mbili ya tensheni mara nyingi ni ile kubwa. Geuza kiasi cha mshale wa saa kutoka 12 kwenda 1 tu, usizidishe. Kwa zile keisi za chuma za kuwekea bobini zinazotoka, shika uzi uiache ining'inie: isishuke yenyewe, ila ukiitikisa kidogo ishuke kidogo kisha isimame. Ikiteleza mpaka chini imelegea, isiposhuka kabisa hata ukiitikisa imekaza.

Kama fujo inakuja mwanzo tu wa mstari halafu inakaa sawa, hiyo sio tensheni. Shika mikia ya nyuzi zote mbili kwa mishono mitatu ya mwanzo, imeisha.

Na uzi ukiwa unakatika katika kila kitu kikiwa sawa, ukate kipande uvute kwa mikono, kama unakatika kama wa buibui ni wa zamani, utupe. Pitisha pia kidole taratibu kwenye tundu la bati la sindano, ukihisi mkwaruzo sindano ilishawahi kugonga pale na hapo ndipo uzi unapokatikia. Ila kama sindano ni mpya, uzi umepita sawa, na ukizungusha gurudumu kwa mkono unaona ndoano inapita bila kudaka uzi kabisa, mpelekee fundi, hiyo imehama mahali pake na bisibisi yako haitairudisha.