Riwaya ya mtoto aliyepotea: anza na saa, mshukiwa atafuata

Kabla ya sentensi ya kwanza, chora jedwali. Kushoto weka saa kwa vipande vya dakika 10, na kila mhusika mpe safu yake: mama, baba, jirani wa mkabala, kijana anayekata nyasi. Jaza ukweli kwanza, yaani nani alikuwa wapi na nani alimwona. Kisha, kwa wino wa rangi nyingine, andika kila mmoja atakachowaambia polisi. Pale wino huu usipokubaliana na ule ndipo riwaya yako ilipo.

Mtoto apotee ndani ya pengo ambalo hakuna aliyemwona. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Likiwa la saa tatu, mji mzima unakuwa mshukiwa. Likiwa la dakika mbili, msomaji atamkamata mhalifu sura ya nne. Tuseme alionekana saa 10:40 jioni akichezea baiskeli, na saa 11:00 baiskeli imelala getini peke yake.

Chora pia ramani ya nyumba kumi hivi: uzio, vichochoro, na kila dirisha linatazama wapi. Shahidi ambaye dirisha la jikoni kwake liko nyuma ya nyumba hawezi kuwa ameliona geti. Wasomaji wa riwaya za upelelezi hawasamehe kosa la aina hiyo.

Sasa polisi. Usiwape ile kauli ya "rudini baada ya saa 24". Nchi nyingi hazina kanuni hiyo, na saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Wakifika, wanaanza na nyumba yenyewe hata kama wazazi wanaapa wameshaipekua: kabatini, uvunguni, darini, kwenye buti la gari. Watoto wadogo hujificha na kusinzia. Mama ataona anashutumiwa, na hapo umepata tukio zuri bila kulilazimisha. Baadaye wazazi wahojiwe kila mmoja peke yake. Mbwa wa kunusa atahitaji nguo ya mtoto ambayo haijafuliwa wala kushikwashikwa. Bibi akiwa ameshazitia zote kwenye mashine ya kufulia, je, ni usafi tu?

Kamera za ulinzi zinakupa zawadi ambayo waandishi wengi huipuuza: saa zake mara nyingi hazisemi kweli. Gari linaonekana likiingia mtaani saa 11:04, kwa hiyo dereva anaachwa, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshatoweka. Sura kumi baadaye mpelelezi anailinganisha saa ya kamera na ya simu yake, anakuta imetangulia dakika tisa. Gari liliingia saa 10:55. Simu nayo usiitegemee kupita kiasi, maana mnara unaonyesha eneo ilipokuwa, hauonyeshi ni mlango upi.

Washukiwa watatu au wanne wanatosha, na kila mmoja awe na siri isiyohusiana na mtoto: deni, mpenzi wa pembeni, kazi aliyofukuzwa miezi miwili iliyopita bila kumwambia mkewe. Uongo wao uwe na sababu hiyo. Mtu anayedanganya ili tu kumchanganya msomaji ananuka karatasi. Na kwa kuwa kila mtu anajua kikulacho ki nguoni mwako, baba wa kambo atashukiwa tangu ukurasa wa kwanza. Mtumie kama kivuli, mwingine apite nyuma yake.

Dokezo kuu liwekwe kabla ya theluthi ya kwanza kuisha, katikati ya orodha ya vitu vya kawaida, kisha mara moja simu ilie au mtu apige yowe. Msomaji ataliona na kulisahau.

Muswada ukiisha, soma kurasa za mhalifu peke yake. Kama hana hata mstari mmoja kabla ya ukurasa wa 60, mrudishe kwenye kundi la majirani wanaotafuta usiku ule wa kwanza, agawe tochi.