Ukiombwa kuwa mdhamini wa chama cha watu wenye ulemavu, anzia hapa

Ndugu zangu, tangu msimu wa korosho umalizike nimepigiwa simu na watu watatu, wote swali moja: "Mwalimu, wamenipendekeza niwe mdhamini wa chama, nifanyeje?" Mimi sioni, na huu ni mwaka wangu wa nne katika bodi ya wadhamini ya chama chetu hapa Masasi. Nimeona niandike mara moja, kila mtu asome au asomewe.

Hatua ya kwanza ni kujua unaitiwa nini. Kamati tendaji huendesha kazi za kila siku. Wadhamini hushika mali ya chama kwa niaba ya wanachama. Bodi ikishasajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, inakuwa mtu mbele ya sheria: ina lakiri yake, yaani mhuri wake rasmi, inamiliki ardhi, inashtaki na kushtakiwa, na haifi hata mdhamini mmoja mmoja akiondoka duniani. Kuna kikundi nakifahamu kilinunua kiwanja kwa michango ya wanachama wake, wengine wakitoa walichopata kwa kubangua korosho. Karatasi ya mauziano ikaandikwa jina la mwenyekiti. Alipofariki, watoto wake wakaja na karatasi ile mkononi. Hawakuwa wezi, maana karatasi ilisema kiwanja ni cha baba yao. Basi kabla hujakubali chochote, uliza: mali za chama zimeandikwa jina la nani?

Hatua ya pili, omba katiba, usome yote. Utakachotafuta zaidi ni nani mwenye kura. Mwaka 2018 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ilieleza kwamba chama cha watu wenye ulemavu ni kile kinachoongozwa na kuelekezwa na wao wenyewe, na wengi wa wanachama wake wawe wao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kamati hiyo huusimamia, mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kwa hiyo angalia kama katiba inataja wingi huo kwa wadhamini na kwa watia saini wa benki pia. Ukumbi unaweza kujaa magongo na fimbo nyeupe, halafu hundi zote zikasainiwa na watu wasio na ulemavu hata mmoja.

Hatua ya tatu ni fedha. Omba taarifa ya benki ya miezi 6 na ripoti ya mwisho ya ukaguzi. Kama chama kimesajiliwa kama NGO, Sheria Na. 24 ya 2002 inakitaka kitoe taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, hivyo huombi hisani. Uliza pia kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu. Mkopo ni wa kikundi kilichoukopa. Hakikisha chama hakijaweka mali yake dhamana.

Hatua ya nne ndiyo inayonikaa moyoni. Sema mahitaji yako kabla ya kukubali, na yaandikwe kwenye muhtasari. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa karatasi jioni, watu wamechoka, gari la mwisho linapiga honi nje. Nikasomewa: "Malipo ya mafuta ya pikipiki." Nikashikwa kidole gumba, kikapakwa wino, kikabonyezwa. Miezi miwili baadaye mkaguzi akasoma karatasi ileile kwa sauti: mstari wa mafuta ulikuwepo, na chini yake mistari mitatu ya posho ambayo bodi haikuwahi kuijadili. Dole langu lilikuwa chini ya yote. Tangu siku ile siweki dole wala saini mpaka karatasi isomwe yote na watu wawili tofauti, nikiwa nimeipata kwa sauti kwenye simu siku saba kabla. Wewe utakuwa na lako: nauli ya msindikizaji, ukumbi usio na ngazi, nukta nundu, au mkutano usiwekwe wakati wa minada ya korosho.

Yaliyobaki ni mepesi: mkutano mkuu wenye akidi ukuchague, muhtasari usainiwe, jina lako lipelekwe RITA. Mpaka usajili huo ufanyike, usisaini hati ya ardhi.

MASWALI YENU

*Mama mmoja, Nachingwea: Shikamoo Mwalimu. Mimi sina ulemavu, ila mwanangu ana ualbino. Naruhusiwa?*

Marahaba mama. Kama katiba inaruhusu, ndiyo, na uchungu wa mzazi una nafasi yake. Ila kaa upande wa wachache. Na mwanao akishakuwa mtu mzima, mwachie aseme mwenyewe.

*Kijana kiziwi, Newala: Mkalimani wanayeniletea ni mdogo wake katibu. Tukifika kwenye fedha anatoka nje kupokea simu.*

Mdogo wangu, akitoka, nyoosha mkono mkutano usimame. Mambo yakijadiliwa hujui kinachosemwa, usisaini muhtasari kana kwamba ulikuwepo. Dai mkalimani asiye na undugu na viongozi, na uulize CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wakuelekeze. Gharama yake iingie kwenye bajeti ya mkutano kama viti na maji.

*Kaka mmoja, Kilwa: Chama kikidaiwa, watachukua nyumba yangu?*

Hapa lugha yetu inatuponza, kaka. Mdhamini wa chama na mdhamini wa mkopo ni neno moja, lakini mizigo miwili. Bodi iliyosajiliwa hushtakiwa kwa jina lake. Lakini ukisaini benki kwamba wewe binafsi utalipa deni wakishindwa, hilo ni lako na mali zako. Na ukitumia mali ya chama vibaya, utajibu wewe. Kila karatasi uliza: nasaini kama bodi au kama mimi?

*Dada mmoja, Tandahimba: Nikichoka naondokaje?*

Andika barua kwa mwenyekiti wa bodi, kabidhi kila hati na funguo kwa orodha yenye saini mbili, kisha fuatilia mabadiliko yapelekwe RITA. Jina lako likibaki kwenye rejista, watu watakutafuta wewe. Omba nakala yenye mhuri wa kupokelewa, uitunze.