Leseni ya Televisheni ya Mtandaoni Tanzania: Anza na Makaratasi, Kamera Baadaye

Wengi wanaonipigia kuuliza habari za leseni huwa wameshanunua kamera, taa na pazia la kijani. Kampuni hawana. Mpangilio ninaoufuata mimi ni huu.

Hatua ya 1: Amua unatoa nini

Tangu kanuni zirekebishwe mwaka 2022, leseni ya maudhui ya mtandaoni inayotolewa na TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, inawahusu wanaotoa habari na matukio. Ukipika pilau YouTube au ukifundisha hesabu, leseni hiyo haikuhusu, ingawa makatazo ya maudhui yanakubana kama wengine. Ila siku utakapomfuata diwani umuulize kuhusu daraja lililobomoka, umeshaingia kwenye habari. Usicheze na mpaka huo. Na kama uko Unguja au Pemba, mlango wako wa kwanza wa kubisha ni Tume ya Utangazaji Zanzibar.

Hatua ya 2: Kampuni na kodi

Usajili wa kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, unafanyika mtandaoni kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Usinakili katiba ya kampuni ya rafiki yako. Mimi nilinakili, nikaja kugundua siku ya kutuma maombi kwamba kampuni yangu, kwa mujibu wa makaratasi, inauza vifaa vya ujenzi. Hakikisha shughuli za habari zimeandikwa waziwazi. Baada ya hapo chukua TIN (namba ya mlipakodi) na hati ya kutodaiwa kodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato.

Hatua ya 3: Sera ya uhariri

Hapa ndipo watu wanapolipua kazi: wanapakua sera ya mtu, wanabadilisha jina, wanaambatanisha. Andika ya kwenu, hata kama ni kurasa nne. Iseme nani anaidhinisha habari kabla haijaruka, habari inahitaji vyanzo vingapi, mtoto aliyefanyiwa ukatili mnamfichaje sura na sauti, anayelalamika anampigia nani, na mkikosea mnasahihisha vipi.

Weka pia kifungu cha habari za kuokota. Julai 2020 Kwanza Online TV ilifungiwa miezi 11 kwa kuweka Instagram tahadhari ya afya ya Ubalozi wa Marekani kuhusu korona. Haikuitunga, iliisambaza tu. Unaweza kuona adhabu ile ilikuwa kubwa mno, na mimi naiona hivyo, lakini funzo la kazi liko palepale: "nimeitoa sehemu nyingine" si kinga.

Hatua ya 4: Tuma maombi

Fungua akaunti kwenye mfumo wa TCRA uitwao Tanzanite, jaza fomu, pandisha nyaraka pamoja na wasifu wa watendaji wako. Malipo ni kwa kontroo namba tu, yaani namba ya malipo ya serikali. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya mtu "akuharakishie", kata simu. Ada isome kwenye jedwali la kanuni zinazotumika siku unayoomba, maana hubadilika: mwaka 2018 maombi, leseni na ada ya mwaka vilifika shilingi 2,100,000, na wanablogu wengi walifunga virago.

Hatua ya 5: Ithibati za waandishi

Leseni ni ya chombo. Mwandishi naye, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, anahitaji ithibati yake, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, na kiwango cha chini cha elimu ni stashahada ya uandishi wa habari. Kabla ya kumwajiri kijana mwenye sauti nzuri, muulize cheti.

Hatua ya 6: Panga zamu ya simu

Kanuni za 2020 zinakupa saa 2 kuondoa maudhui yaliyokatazwa ukishaagizwa. Zile za 2018 zilitoa 12. Saa 2 ni kidogo kuliko usingizi wako, na kidogo kuliko safari ya basi kutoka Dar kwenda Morogoro. Kwa hiyo watu wawili wawe na nywila za kurasa zote, na simu iliyoandikwa kwenye fomu ya maombi isizimwe usiku. Kuvunja kanuni ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote.

Kabla ya kufuta chochote, hifadhi nakala kwenye diski ya nje na uandike saa ya agizo na saa uliyoondoa. Ukiitwa mbele ya Kamati ya Maudhui ya TCRA, daftari hilo ndilo utakaloingia nalo.