Insha ianzie kwenye lumbesa: ninavyofundisha Kidato cha Pili kuandika

Nafundisha Kiswahili shule ya kata hapa Mbeya, darasa lina wanafunzi sitini na ushee. Nimesahihisha insha nyingi mno zinazoanza na "jua lilichomoza kwa madaha kutoka mashariki", tena mwezi wa saba, wakati ukungu wetu hauondoki mpaka saa nne. Wamekariri mwanzo. Siku hizi nafanya hivi, kwa vipindi viwili vya dakika 40.

Hatua ya 1. Siku moja kabla, kila mmoja achague kazi anayoiona njiani: anayeshona lumbesa ya viazi (gunia lililojazwa kupita kiasi), mama anayechoma mahindi stendi, fundi anayeziba pancha. Atazame dakika tano, aje na vitenzi kumi. Vitenzi, si sifa.

Hatua ya 2. Vitenzi viende ubaoni, kisha uulize. Hapa usiwe na haraka. Binti mmoja aliandika, "Alijaza gunia vizuri sana." Nikamuuliza, goti lake lilikuwa wapi? "Kwenye gunia, mwalimu." Na kamba? Akacheka: "Aliing'ata." Basi andika hivyo. Akaandika: "Alibana gunia kwa goti, akavuta kamba kwa meno. Kiazi cha mwisho kiligoma kuingia, akakipiga ngumi." Darasa zima lilimwona yule mtu.

Hatua ya 3. Aya moja, sentensi sita hadi nane. Piga marufuku "sana" na methali ya kufungulia.

Hatua ya 4. Wasomeane wawili wawili kwa sauti. Msikilizaji akiacha kuona picha, amsimamishe mwenzake hapohapo. Kelele zitakuwepo, zivumilie.

Hatua ya 5. Sahihisha aina moja tu ya kosa. Wiki hii herufi h: "ili" palipotakiwa "hili", "akuna" badala ya "hakuna". Wiki ijayo r na l, maana anayeongea Kinyakyusa nyumbani huandika "balabala" bila wasiwasi wowote. Daftari likijaa wino mwekundu mtoto halifungui tena, nawe unakesha bure.

Hatua ya 6. Aandike upya, aongeze aya mbili: viazi vilitoka shamba gani, na lori likishaondoka kulitokea nini. Utangulizi auandike mwisho, akishajua insha yake inasema nini.

Hatua ya 7, kwa darasa lililochangamka. Gunia halali halizidi kilo 100, na lumbesa inapita hapo. Aya ileile igeuzwe barua kwa mhariri, ya kuipinga au kuitetea. Waache wabishane kwanza, kwani kwangu wapo watoto wa wakulima wanaopunjwa na watoto wa wachuuzi wanaonunua, wamekaa dawati moja. Kalamu washike wakishachoka kupiga kelele.